Orodha ya Wasio na Mbolea

Vijana wa stoo, mmeniomba niandike jinsi kazi ya mbolea ilivyokuwa zamani: mizani, magunia, barabara za matope. Nimekubali. Ya kupandishwa cheo na mshahara sitayagusa. Hayo yamo kwenye faili langu, na faili lenyewe ni jembamba. Nitaanza na siku ya kwanza, maana ndiyo siku ya kazi yangu ninayoweza kuitazama bila kuinamisha macho. Mtakaponiona nimeanza kuzungukazunguka, jueni nimekaribia pale nisipotaka kufika.

Stoo yetu ilikuwa Embu, nyumba ndefu ya mabati nyuma ya soko. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Mimi ni Mmeru wa Kanyakine, jina langu Kirimi, na ili kufika Embu tu nilihitaji pasi yenye sahihi za watu watatu ambao hakuna hata mmoja aliyenipenda. Meneja alikuwa Mzungu ambaye watu walimwita Bwana Kesho. Ukimwuliza habari ya lori, kesho. Tairi jipya, kesho. Alisoma cheti changu cha shule, akakirudisha, akanionyesha kwa kidole kona ya stoo alikosimama mzee mmoja mwenye kofia nyeupe.

Huyo alikuwa Mzee Juma, mtunza stoo, Mwislamu wa pale pale mjini. Ndugu zake wote walikuwa wachinjaji na yeye peke yake ndiye aliyeingia kwenye magunia. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka; changu kilikuwa cha darasani, kikitembea kwa kuchechemea. Nilimpa shikamoo. Akaitikia, halafu hakuniuliza nimesoma hadi wapi.

“Lowesha kidole, mwanangu. Kichovye humu. Ulambe.”

“Nilambe mbolea, mzee?”

“Kwani utaisoma? Gunia likinyeshewa, maandishi yanafutika. Ulimi wako unafutika?”

Nikalamba. Salfeti ni nyeupe kama chumvi, na ukiigusa kwa ulimi inachoma kwa ubaridi, halafu inakuwa chungu. Fosfeti haina ladha, ni vumbi la mawe tu, inakwaruza meno. Kwa muda wa mwezi mmoja Mzee Juma alinifunga macho kwa kitambaa na kunilambisha hadi nikaacha kukosea. Msiige jambo hili. Magunia ya siku hizi yana vitu ambavyo hata panya anavikwepa.

Alinifundisha pia kwamba gunia halilazwi chini kwenye saruji, linalazwa juu ya magogo, lipumue. Kwamba mbolea na unga wa mahindi havilali nyumba moja. Kwamba ukitumia sindano ya gunia, kile chuma chenye uwazi katikati cha kuchotea mbolea ya kuonja, unaichoma kwenye pembe na si tumboni, kwa sababu mwizi naye huanzia kwenye pembe. Na alinipa ufito wa futi mbili wa kupimia mashimo ya kahawa. Shimo la kahawa lilikuwa futi mbili kwenda chini na futi mbili kila upande, na kila shimo lilitaka debe moja la mbolea ya zizi iliyoiva. Ufito ule nilitembea nao kama askari na bunduki yake. Nilikuwa na majivuno, sitaficha.

Majivuno hayo yalinipeleka Ishiara kuwauzia wakulima wa Mbeere salfeti. Kule ni joto, mvua ikija ni mgeni wa siku moja. Nilimwambia mzee mmoja aitwaye Ireri amwagie mtama wake mbolea kwa wingi, ataona maajabu. Akamwaga. Mvua haikuja. Niliporudi, mtama wote ulikuwa umeungua, umekuwa rangi ya kahawia kuanzia mizizi. Nilisimama kando ya shamba, ufito mkononi.

Mzee Ireri akasema taratibu, “Karani, chumvi umeniletea. Sasa leta nyama.”

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nilicheka kwa aibu. Mzee Juma alimpelekea yule mzee mbegu nyingine kwa mkono wake, bila kumwambia Bwana Kesho. Ile ilikuwa aibu ya kwanza kazini, na ilikuwa ndogo, kwa sababu sikukusudia. Naitaja ili mjue ninajua tofauti.

Basi. Nimezunguka vya kutosha.

Mwaka mmoja baadaye, habari ikaanza kuvuma kwamba huko Nairobi kuna mswada wa kilimo unaosubiri kujadiliwa. Ndani yake kulikuwa na kifungu kimoja kilichotuhusu: kwamba Mwafrika anayetaka kupanda kahawa lazima kwanza aonyeshe mbolea ya kutosha mashimo yake, na asiyekuwa nayo anunue ya gunia kabla ya kupewa miche. Kifungu kikipita, wateja wetu wangekuwa miteremko yote ya mlima, kutoka Embu mpaka Meru. Kikifutwa, tungeendelea kuwauzia walowezi wachache na kupigana na panya.

Bwana Kesho alikuwa na hisa za kampuni yetu ya mbolea. Aliweka humo akiba yake yote ya uzeeni. Gazeti lilifika kwa lori la posta likiwa limechelewa siku mbili, naye aliurukia ukurasa wa nyuma, wenye herufi ndogo kama mayai ya chawa, kabla ya kusoma nani ameuawa. Habari njema ya mswada ikija, hisa zinapanda, anatununulia chai. Mjumbe fulani wa baraza la kutunga sheria akisema mswada ni mbaya, hisa zinashuka, na siku hiyo hata mbwa wake alikaa mbali.

Mzee Juma akaniuliza, “Hii hisa anayoililia kila siku ni mnyama gani?”

Nikamweleza nilivyoelewa, kwamba watu wengi wanainunua kampuni moja vipande vipande, na kipande kinapanda au kushuka bei kwa habari tu.

Akafikiri kama mchinjaji. “Yaani mtu ananunua mguu wa mbuzi, na mbuzi bado anakula majani?”

“Ndiyo, mzee.”

“Na mbuzi akikohoa, mguu unashuka bei?”

“Papo hapo.”

“Basi hao watu hawana usingizi,” akasema, akarudi kwenye mizani yake.

Tatizo lilikuwa hili. Wajumbe wengine Nairobi walisema watu wa Meru wana ng'ombe, wana mbolea ya zizi, wanunue ya gunia ya nini? Wakataka orodha kutoka mashambani ionyeshe nani ana mbolea na nani hana. Kampuni yetu ikajitolea kuikusanya kule Imenti Kusini, upande wa kwetu Kanyakine. Bwana Kesho alikuwa na wasiwasi, maana hata yeye aliona marundo ya mbolea alipopita barabarani.

Kwa miaka mingi, nikilazimika kulieleza jambo hili, nimekuwa nikisema Bwana Kesho aliniagiza niwaulize watu na kuandika jibu lao bila kuongeza neno. Hiyo ni kweli. Lakini sijawahi kusema ni nani aliyempa wazo hilo. Ni mimi.

Kwetu Meru mifugo haihesabiwi kwa mdomo. Ukimwuliza mtu ana ng'ombe wangapi, ni kama unawatakia kifo. Mwenye adabu hajibu kwa idadi. Atasema “sina,” au “ni hao hao tu,” na aliyeuliza akiwa na adabu pia ataelewa na kunyamaza. Ukitaka kujua, unakwenda zizini, unaona kwa macho yako, unafunga mdomo wako. Na miaka ile hofu iliongezeka juu ya mila, kwa sababu kijiji kikishukiwa kuwalisha watu wa msituni, ng'ombe walichukuliwa. Nani angemtajia karani ng'ombe wake?

Haya nilimweleza Bwana Kesho mwenyewe, nimesimama mbele ya meza yake na ufito wangu mkononi. Nilisema, “Bwana, ukituma mtu akatazame, ataona mbolea kila boma. Ukituma mtu akaulize, wote watasema hawana.”

Alivua miwani. “Una hakika?”

“Ni watu wangu, bwana.”

Maneno hayo yananiuma kuliko yote. Niliyasema kwa fahari! Akacheka, akanipiga bega, akaniahidi kwamba mswada ukipita atanipa hisa chache kwa jina langu. Nilijiona tayari, Kirimi wa Kanyakine, mwenye kipande cha kampuni. Niliwauza mama yangu na baba yangu na adabu waliyonifundisha kwa mguu wa mbuzi anayetembea.

Tulikwenda Kanyakine na lori, Mzee Juma akiwa na magunia ya kuonyesha watu. Nilikaa kwenye veranda ya duka, homugadi mmoja, mlinzi wa kijiji aliyewekwa na serikali, akiwa na bunduki kando yangu kwa ajili ya usalama wangu, ati. Watu walipanga mstari. Nilikuwa nauliza maswali mawili: Una ng'ombe wangapi? Una mbolea? Sina. Sina. Nikaandika: Hana. Hana. Ilikuwa rahisi mno.

Katika mstari alikuwamo Kagendo. Huyu alikuwa mke wa Gitonga, na Gitonga alikuwa rika langu hasa, tulitahiriwa siku moja kwenye maji yale yale ya baridi, yeye akisimama kulia kwangu. Alikuwa kizuizini mwaka wa pili sasa, kwa kosa ambalo hakuna aliyelijua, hata waliomfunga. Kagendo alihamishiwa kwa nguvu kwenye kijiji chenye ulinzi kama wengine, lakini kila alfajiri waliporuhusiwa kutoka alikwenda kwenye shamba lao. Alichimba mashimo mia moja ya kahawa peke yake. Asubuhi ile ile nilipita pale na kuyaona. Rundo la mbolea lilinifika kifuani, amelifunika kwa majani ya migomba ili jua lisilikaushe. Niliweka ufito kwenye shimo moja. Futi mbili kamili.

Na nilijua kwa nini anaharakisha. Kamati ya ardhi ilikuwa inapita mgongo kwa mgongo wa mlima kugawa mashamba upya. Shamba lenye kahawa halikuguswa. Shamba tupu ambalo mwenyewe yuko kizuizini, lilipata mwenyewe mwingine.

“Shemeji, habari za Embu?” aliniamkia, akitabasamu kwa kuona uso anaoujua.

“Nzuri. Una ng'ombe wangapi?”

Tabasamu likakatika. Alinitazama kama mtu aliyesikia tusi kanisani. “Sina,” akasema.

“Mbolea?”

“Ya nini tena, na ng'ombe sina?” Alisema hivyo akinitazama machoni, akingoja niseme basi shemeji, nimeelewa. Nikaandika: Hana.

Kesho yake lori likiwa linapakiwa, akaja mbio na kiondo mgongoni. Alikuwa ameambiwa na mwenzake kwamba aliyeandikwa hana mbolea hatapewa miche. Akakitua kiondo mbele yangu na kukifungua. Mvuke ulitoka.

“Shemeji, hii ni nini?”

Mzee Juma akachota kwa mkono, akaifikicha, akainusa. “Hii imeiva,” akasema. “Tena imeiva vizuri. Mwanangu, mwandike upya huyu mama.”

“Jana alisema hana,” nikasema.

“Ulitaka nikuhesabie ng'ombe wa mtu aliye kizuizini?” Kagendo akasema, sauti ikipanda. “Wewe Kirimi? Homugadi akisikia? Ili wafe, au wachukuliwe, akirudi akute nini? Wewe hukulelewa hapa? Si ulipita jana asubuhi, ukapima shimo langu, nikakuona!”

“Mimi nauliza tu, shemeji. Kuuliza si ujinga.”

“Kuuliza si ujinga,” Mzee Juma akadakia, “lakini kuuliza unachokijua ni ujanja. Andika.”

Orodha ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu. Kalamu ilikuwa sikioni. Nikibadilisha jina moja, waliosimama pale wote wangesema hata mimi, hata mimi, njoo utazame. Orodha ingekwisha, na hisa zangu. Nikapanda lori. Nikamwambia dereva twende.

Kagendo hakulia wala kulaani. Alifunga kiondo chake polepole, kwa sababu mbolea ile ilikuwa bado ina kazi. Mzee Juma alipanda nyuma pamoja na magunia ingawa mbele kulikuwa na nafasi. Kuanzia siku ile hakuniita tena mwanangu. Aliniita Karani mpaka alipostaafu, na kila siku alinifundisha kazi vilevile, kwa uaminifu, na hilo ndilo lililonichapa.

Orodha ilikwenda Nairobi. Wiki chache hisa zilipanda, Bwana Kesho akaimba ofisini. Halafu gazeti likaja na habari kwamba wajumbe wamebishana na kifungu kile kimefutwa. Mswada umepita bila mbolea yetu. Hisa zikaporomoka. Bwana Kesho alikaa na gazeti magotini mpaka chai yake ikafanya ngozi, na kabla ya mvua alikuwa amefunga masanduku akaondoka. Hisa zangu sikuziona hata kwa macho. Mzee Juma akasema tu, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Nitasema ukweli: nilipumua. Nilidhani mambo yamekwisha. Sheria haipo, basi na orodha haipo.

Kumbe nakala moja ya orodha ilikuwa imebaki tarafani, na bwana shamba mgeni, aliyetoka mbali na asiyejua mila zetu, aliipata kwenye kabati akadhani ndiyo amri ya kugawia miche. Ilikuwa imepigwa taipu vizuri, na muhuri. Karatasi iliyopigwa taipu hakuna anayeiuliza umri. Mvua iliponyesha niliteremsha magunia Kanyakine, nikaona nasari, kitalu cha serikali, inagawa miche kwa orodha yangu. Nilisimama nyuma ya lori nikasikia majina nikiyatambua kwa mpangilio wake, moja baada ya jingine, kila moja likifuatwa na neno nililoliandika kwa mkono wangu. Kagendo alikuwa na kikapu kilichotandikwa majani mabichi ya kubebea miche. Alipoitwa na kurudishwa, alikwenda na kikapu chake kitupu. Ningeweza kutembea hatua thelathini nikamwambia bwana shamba orodha hiyo ni uongo, mwandishi ni mimi. Niliteremsha magunia.

Wenye waume nyumbani walipiga kelele kwa chifu na baadhi wakasaidiwa msimu uliofuata. Kagendo hakuwa na wa kumpigia kelele. Mashimo mia moja yalijaa maji, halafu magugu. Kamati ilipofika ilikuta shamba tupu la mtu wa kizuizini. Walimpa mwingine, naye akapanda kahawa kwenye mashimo yale yale, na mbolea ile ile.

Gitonga alirudi Hali ya Hatari ilipokuwa inaelekea kwisha, amekonda, hana jino moja la mbele. Alinitafuta kabla ya kumtafuta chifu. Nilimkuta amekaa nyumbani kwa mama yangu, Kagendo akimimina uji.

“Kirimi, wewe una kalamu,” akasema. “Niandikie barua kwa kamati. Sema mbolea ilikuwepo, mashimo yalikuwepo. Sema walidanganywa.”

Nikaandika. Niliandika barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, nikataja rundo la kufika kifuani na mashimo ya futi mbili kamili. Akanisikiliza nikiisoma, akatikisa kichwa kwa furaha.

“Unayajua kama uliyaona!” akasema. Halafu akauliza, “Lakini ni nani huyo aliyeandika hatuna?”

Kagendo aliacha kumimina uji.

“Sijui,” nikasema.

Kagendo akanisindikiza mpaka njia panda. Nilidhani sasa atanitemea mate, na ningeshukuru. Nilimwuliza kwa nini amenyamaza.

“Amerudi hana shamba,” akasema. “Nisingeweza kumnyang'anya na rafiki. Na majirani nimewaomba wafunge midomo. Na wewe usimwambie. Ukitaka kujitua mzigo, utue kwingine, si juu ya kifua chake.”

Barua haikujibiwa. Walipata kipande kingine chini kabisa, penye mawe, ambapo kahawa haitaki. Wamekula mtama na kunde maisha yao yote, nami nimetumia katazo la Kagendo kama blanketi. Lilinifaa mno. Kila nilipotaka kusema, nilijiambia shemeji amekataza.

Sasa mtajiuliza kwa nini naandika leo. Mnaikumbuka sherehe ya kuniaga mliyonifanyia hapo stoo, mwezi uliopita. Mnamkumbuka mzee asiye na jino la mbele aliyeomba kusema neno, mkampisha. Alisema, “Huyu ni rika langu. Wakati watu wote waliogopa hata kunisalimu, huyu peke yake alishika kalamu akaniandikia barua.” Kagendo alikuwa amekaa kando yake, akatazama sahani yake. Ninyi mlipiga makofi, mlipiga kwa nguvu, wengine mkasimama. Nami nikainuka nikamshika mkono Gitonga, nikasema asante sana, mwenzangu.

Jumatatu nilikwenda kwa Kagendo akiwa peke yake kisimani, nikamwambia siwezi tena kumficha Gitonga. Alijaza mtungi wake kwanza. “Basi siku ukija, uje mchana,” akasema, “nitakuwepo.”

Kwa hiyo karatasi hizi zitasomwa Kanyakine kwanza, na nitazisoma mwenyewe. Kama zimewafikia ninyi, basi Gitonga ameshajua.